Chuki Iandikwe kwa Jina Lake

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi. Imepigwa chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile wakaomba wapate kuisoma.)

Bwana Mwenyekiti, Ndugu Katibu, na ninyi wanachama wote wa tawi,

Twajua wengi mlitumaini tuseme leo habari za mishahara na nyumba. Habari hizo zina siku yake, na Katibu amekwisha kuziweka katika mambo ya mwezi ujao. Leo tumeombwa tuseme juu ya jambo moja tu: mtu akishambuliwa kwa sababu ya kabila lake, polisi huliita jambo hilo kwa jina gani, nao hufanya nini?

Sisi si mawakili. Tulisoma shule ya misheni, tukaishia darasa la nane. Lakini sheria imeandikwa kwa ajili ya watu wote, si kwa mawakili peke yao, na mtu akiisoma polepole, tena akawauliza wanaojua, aweza kupata maana yake. Tumefanya hivyo kwa sababu jambo hili lilitufikia mlangoni.

JAMBO LILILOTUPATA

Mwaka 2017, siku chache baada ya kura ya Agosti, ndugu mmoja wa tawi hili, fundi wa breki, alirudi kutoka zamu ya usiku akakuta mlango wake umechorwa alama ya X kwa rangi ya manjano. Chini ya mlango palikuwa na karatasi. Karatasi ile ilimwita kwa jina la matusi la kabila lake, ikamwambia ahame kabla ya Ijumaa, la sivyo atazikwa papo hapo. Mkewe alikuwa ameiona alfajiri. Amewafungia watoto watatu ndani, wasitoke hata kuteka maji.

Ndugu huyo akaenda kituo cha polisi. Askari wa mezani akamwuliza, "Amekupiga?" Akajibu, hapana. "Amekuibia?" Hapana. "Wamjua?" Hapana. Askari akafungua Kitabu cha Matukio, akaandika maneno matatu: ugomvi wa majirani. Akamrudishia karatasi yake, akamwambia aende akaelewane na wenzake.

Ijumaa usiku, ndugu yetu akiwa kazini, watu walikuja wakavunja mlango na dirisha, wakaitoa nje cherehani ya mkewe, wakaimwagia mafuta ya taa na kuichoma. Mke na watoto walikuwa wamelala kwa jirani, mama mmoja muuza mboga, naye ni wa kabila jingine. Ndiyo sababu waliokoka. Asubuhi polisi walifika, wakaandika: kuharibu mali, mshukiwa hajulikani. Hapakuandikwa habari ya karatasi wala habari ya alama. Siku ya tatu mwenye nyumba akaupaka mlango rangi mpya. Karatasi ikapotea katika kuhama. Kesi haikufika mahakamani hata siku moja.

Sasa tazameni vizuri, ndugu. Askari yule wa pili hakuandika uwongo. Cherehani ni mali, na kweli iliharibiwa. Lakini moto ule haukuwashwa kwa ajili ya cherehani. Ulikuwa ni barua kwa kila mtu wa kabila lile aliyekaa katika nyumba zile, ya kuwaambia: na ninyi mtoke. Na barua ilisomwa. Kabla ya mwisho wa mwezi jamaa saba walikuwa wamefunga mizigo, ingawa hakuna aliyewagusa hata kwa kidole.

Hiyo ndiyo tofauti ya kosa la chuki na kosa jingine. Mwizi akiiba kuku wako, wewe ndiwe uliyepungukiwa. Lakini anayekupiga kwa ajili ya kabila lako amewapiga watu elfu kwa fimbo moja. Kama kituoni pakiandikwa mlango na cherehani tu, wale elfu hawamo katika kitabu, na sababu ya kosa haimo.

SHERIA YASEMAJE

Katika Kenya hakuna kosa liitwalo kwa jina hili, "kupiga mtu kwa chuki ya kabila". Atakayekupiga atashtakiwa kwa kupiga. Atakayechoma nyumba atashtakiwa kwa kuchoma nyumba. Atakayekuandikia kwamba atakuua, iko sehemu ya 223 ya Sheria ya Makosa ya Jinai, na kifungo chake chaweza kufika miaka 10. Makosa haya yote ni ya zamani, nayo yamo tangu siku za Mwingereza.

Lakini baada ya damu iliyomwagika mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, Bunge lilipitisha sheria mpya, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008. Sehemu yake ya 13 yasema hivi kwa maneno yetu: mtu akitoa maneno ya vitisho, ya matusi au ya kudharau, au akiyaandika, au akiyatangaza, kwa nia ya kuchochea chuki ya kabila, amefanya kosa. Tena hata kama haikuthibitishwa nia yake, ikiwa kwa jinsi mambo yalivyokuwa yaelekea chuki ingeamshwa, amefanya kosa. Faini yake haizidi shilingi milioni moja, na kifungo hakizidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sehemu ya 62 yahusu maneno ya kuleta dharau, uhasama au ubaguzi juu ya mtu au jamii kwa ajili ya kabila au rangi, na huko kifungo chaweza kufika miaka mitano. Sheria hiyo hiyo yakataza kumsumbua mtu kwa ajili ya kabila lake, na kumbagua katika kazi.

Halafu ikaja Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 33 chatupa uhuru wa kusema, lakini kinasema wazi kwamba uhuru huo haufiki kwenye kuchochea fujo wala kwenye maneno ya chuki.

Basi ndugu, fikirini sheria kama ghala lenye masanduku mawili. Sanduku la kwanza ni la vitendo: kupiga, kuchoma, kutishia kuua. Sanduku la pili ni la maneno: matusi ya kabila, uchochezi, karatasi za usiku. Jambo lililompata ndugu yetu lilikuwa la masanduku yote mawili. Askari wa kwanza hakufungua hata moja. Askari wa pili alifungua moja akaliacha la pili limefungwa. Hii ndiyo sababu twasema kwamba kazi kubwa haifanywi Bungeni wala mahakamani. Hufanywa pale mezani, kwa kalamu ya askari, katika dakika kumi za kwanza.

SOMO LA MWAKA 2008

Wengi wetu tulikuwa vijana shuleni wakati ule, lakini hakuna aliyesahau. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Hapa hatutataja makabila, maana kila upande ulizika wafu, na kila upande ulikuwa na wauaji. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo ndani, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Tarehe 27 mwezi huo huo, katika Naivasha, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja. Kanisa hili na nyumba ile, waliokufa humo hawakuwa wa kabila moja, lakini sababu ya kufa kwao ilikuwa moja.

Hata kazi yetu iliguswa. Mwezi ule wa Januari vyuma vya reli viling'olewa Kibera, na mizigo ya Uganda ikasimama. Mtu aliyeng'oa chuma kile alidhani anampiga mkubwa fulani. Aliyelala na njaa ni kibarua wa Nairobi, na mpakuzi wa Kampala, na dereva wa gari la moshi asiye na safari.

Je, polisi walifanya nini juu ya Kiambaa? Watu wanne walishtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu ya Nakuru. Aprili 2009 Jaji David Maraga, yule aliyekuwa Jaji Mkuu baadaye, aliwaachilia wote wanne. Hakusema kwamba watu hawakufa. Alisema ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba hao ndio waliofanya, na akaulaumu upelelezi wa polisi kwa uzembe wake.

Wengine walikasirika kwa hukumu hiyo. Sisi twasema, jaji alifanya kazi yake. Jaji hawezi kumfunga mtu kwa sababu watu wana uchungu. Hufunga kwa ushahidi, na ushahidi usipookotwa siku ya kwanza, hauoti tena kama majani. Kama kosa kubwa namna ile, lililotazamwa na dunia nzima, liliweza kuanguka kwa uzembe wa upelelezi, je, cherehani ya fundi wa breki?

Ni hivyo hivyo kwa maneno ya wakubwa. Juni 2016 wabunge wa pande mbili walikamatwa kwa tuhuma za maneno ya chuki, wakalala korokoroni katika kituo cha Pangani, Nairobi. Watu waliokuwa wakirushiana maneno majukwaani wakalala chini ya paa moja. Kesi za namna hii zimeanguka mara nyingi, na mara nyingi ni kwa ushahidi: sauti iliyonaswa haikuthibitishwa sawasawa, au shahidi hakuja. Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano yaweza kupokea malalamiko, kuyachunguza na kupatanisha watu, lakini yenyewe haifungui mashtaka mahakamani. Hiyo ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye hutegemea faili inayotoka kwa polisi, na faili hutegemea kile kitabu cha mezani. Tumerudi pale pale.

SOMO LA UINGEREZA

Ndugu mmoja katika kamati aliuliza, je, nchi nyingine hufanyaje? Tumechagua Uingereza, maana polisi wetu na sheria zetu za jinai zilitoka huko, na maneno ya sehemu ya 13 yanafanana sana na maneno ya sheria ya Waingereza ya mwaka 1986.

Tarehe 22 Aprili 1993, kijana mweusi wa miaka 18, jina lake Stephen Lawrence, alikuwa akingoja basi usiku katika mtaa wa Eltham, London, pamoja na rafiki yake. Kikundi cha vijana wazungu walimtupia tusi la rangi, wakamchoma kisu akafa. Polisi walipofika walimtazama yule rafiki, naye mweusi, kama mtu wa kushukiwa kuliko mtu aliyeponea chupuchupu. Hawakumshika maneno yake ya kwanza kama ilivyopasa. Majina ya washukiwa yaliletwa na raia mapema, lakini siku zikapita bila kukamatwa mtu.

Wazazi wa kijana hawakunyamaza. Miaka ikapita, mpaka serikali ikaunda uchunguzi chini ya jaji Sir William Macpherson. Ripoti yake ilitoka Februari 1999. Ilisema kwamba ubaguzi ulikuwa umeingia katika polisi wenyewe, si kwa askari mmoja mbaya tu, bali katika desturi zao za kazi. Tena ikaweka kanuni moja: tukio ni la ubaguzi wa rangi ikiwa yeye aliyetendwa, au mtu mwingine yeyote, ameliona hivyo.

Tuielewe vizuri kanuni hiyo. Haisemi kwamba mshukiwa ana hatia. Hatia ni kazi ya mahakama. Yasema tu kwamba askari wa mezani hana ruhusa ya kuifuta sababu kabla ya kuitafuta. Mtu akisema, "Nimepigwa kwa ajili ya rangi yangu", na iandikwe hivyo, na ipelelezwe hivyo, halafu ionekane ni kweli au si kweli. Wauaji wawili wa Stephen Lawrence walihukumiwa Januari 2012, baada ya miaka 18 na zaidi. Ilichelewa mno, lakini isingalifika hata hapo kama watu wake wangalikubali kifo cha mtoto wao kiandikwe kama ugomvi wa vijana barabarani.

Kanuni ya namna hiyo haimo katika sheria yetu ya 2008. Lakini hakuna sheria yoyote katika Kenya inayomkataza raia kusema sababu, na kutaka sababu hiyo iandikwe katika taarifa yake. Mlango huo uko wazi. Kasoro ni kwamba hatuupiti.

POLISI NAO NI WATU

Hatukuja hapa kuwatukana askari. Askari hupokea mshahara kama sisi, hukaa katika nyumba mbovu kama sisi, na siku ya fujo ndiye atangulizwaye mbele ya mawe. Wako waliosimama mlangoni mwa nyumba za watu wa kabila lisilo lao wakawaokoa.

Lakini ukweli ni ukweli. Tume ya Waki ilionyesha kwamba kati ya wale wafu 1,133, watu 405 walikufa kwa risasi, nayo ikawalaumu polisi kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Aprili 2014, baada ya mashambulio ya magaidi, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa Eastleigh na mahali pengine, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani wakaguliwe. Katika hao walikuwamo raia wa Kenya wenye vitambulisho. Wazee wa reli walipoona hayo walikumbuka habari walizosimuliwa na baba zao juu ya tarehe 24 Aprili 1954, siku Waingereza walipouzingira mji wa Nairobi na kuwatenga watu kwa kabila: Kikuyu, Embu na Meru upande mmoja, wengine upande wa pili. Serikali ilikuwa nyingine, na sababu ilikuwa nyingine, lakini aliyetengwa aliulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa kosa lake.

Kwa hiyo ni vema tujue kwamba tangu sheria ya mwaka 2011 iko mamlaka huru iitwayo IPOA, ambayo hupokea malalamiko ya raia juu ya polisi. Askari akikataa kuandika habari yako, au yeye mwenyewe akikutukana kwa kabila, unayo mahali pa kwenda.

YATUPASAYO KUFANYA

Sasa tuseme mambo ya mikono. Kamati imeomba tuyapange kwa namba ili yabandikwe ubaoni.

1. Usifute alama, wala usimwache mwenye nyumba aifute kabla ya polisi kuiona. Ipigwe picha. Karatasi ya vitisho ishikwe pembeni, iwekwe katika bahasha safi, isipite mikononi mwa watu ishirini.

2. Andika maneno yenyewe, kwa lugha ile ile yaliyosemwa, hata kama ni ya aibu. Ukisema tu "alinitukana", hakimu hajui ulitukanwa nini. Andika saa, mahali, na waliokuwapo.

3. Maneno yakija kwa simu, usiyafute, wala usiitupe simu. Sheria ya Ushahidi yataka nakala ya mitambo iandamane na cheti cha mtu aliyeitoa. Kesi nzuri zimekufa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

4. Usiende kituoni peke yako. Nenda na mjumbe wa tawi. Taka habari iandikwe katika Kitabu cha Matukio, nawe upewe namba yake. Kama umeumizwa, omba fomu ya P3 ukajaziwe na daktari.

5. Kabla ya kutia sahihi taarifa yako, isome, au usomewe. Kama sababu haimo, sema kwa heshima: "Afande, naomba uandike kwamba waliniambia hivi na hivi juu ya kabila langu." Usitie sahihi mpaka imo.

6. Ukikataliwa, mwone mkuu wa kituo. Akikataa naye, Chama kitaandika barua kwa IPOA na kwa Tume ya Uwiano, na nakala kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Barua yenye namba ya kitabu na tarehe haitupwi kwa urahisi kama maneno ya mdomo.

Tena twaonya juu ya jambo la pili. Si kila ugomvi ni wa kabila. Mtu akikudai shilingi 500 mkagombana, usimpake kabila ili umfunge. Fomani akikuandikia barua kwa kuchelewa zamu, tazama kwanza saa yako kabla ya kutazama jina lake. Kila shtaka la uwongo laondoa nguvu katika mashtaka kumi ya kweli. Na mshukiwa naye ana haki zake: Katiba yataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa mahakama imefungwa, na ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe. Wala asiwepo wa kuchukua sheria mkononi. Anayelipiza kwa rungu, usiku ule ule amejiunga na wale wale waliochoma cherehani.

DEBE LA RANGI

Ndugu, tumebakiza neno moja, nalo ni zito kuliko yote tuliyosema.

Rangi ile ya manjano iliyochora mlango wa fundi wa breki haikununuliwa dukani. Ni rangi ya karakana yetu, ile tunayoandikia alama kwenye mabehewa mabovu. Asubuhi ya siku ile tulikuwa watatu tulioliona debe nyuma ya ghala, na brashi ndani yake bado mbichi. Tulitazamana. Hakuna aliyesema neno. Mmoja wetu alilisukuma debe kwa mguu mpaka chini ya magunia.

Polisi hawakutuuliza, hiyo ni kweli. Lakini sisi nasi hatukwenda. Kwa nini? Hatukuwa na mashaka juu ya jambo lenyewe. Tulinyamaza kwa sababu aliyekuwa na ufunguo wa ghala usiku ule alikuwa wa kabila letu, nasi tuliogopa kuitwa wasaliti nyumbani. Tukajiambia, hili ni la polisi. Halafu tukakaa barazani kuwalaumu polisi kwamba hawapelelezi. Walaji wa kimya ni sisi, na askari yule wa mezani tulimpa mfano mwema wa kutokuona.

Ndugu yetu aliomba uhamisho, akapewa. Siku ya kuondoka alikuja karakana kurudisha spana za kazi. Alitupa mkono sote watatu, mmoja mmoja, akatushukuru kwa urafiki. Mpaka leo hatujui kama alijua. Lakini Kaini naye aliulizwa habari za ndugu yake, na jibu alilotoa twalifahamu sote tuliosoma misheni. Hatukutaka kuendelea kulibeba jibu lile. Ndiyo sababu, tulipoombwa kusema leo, tulikubali, tena tumekwisha kumwandikia ndugu huyo, na tumekwisha kumwambia Katibu kwamba tuko tayari kuandika taarifa kituoni juu ya lile debe, hata kama miaka imepita na hata kama haitafaa kitu tena mahakamani. Iwepo tu katika kitabu.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu. Sheria ya 2008 ni nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani, na polisi waweza kuwa wazuri kuliko walivyo. Lakini sheria haina macho ila ya mashahidi. Na shahidi anayefaa zaidi katika kosa la kabila ni mtu wa kabila la mwenye kosa, kwa maana yeye hakuna wa kusema kwamba anasingizia kwa chuki.

Kwa hiyo twaleta shauri hili mbele ya mkutano, Bwana Mwenyekiti, lipigiwe kura leo. Kwanza, tawi lichague wajumbe wanne, wa makabila manne mbalimbali, wa kumsindikiza kituoni mwanachama yeyote aliyetishwa au kushambuliwa kwa ajili ya kabila lake. Pili, mwanachama akiwa shahidi juu ya mtu wa kabila lake mwenyewe, tawi zima lisimame naye, na atakayemwita msaliti ajibu mbele ya kamati. Tatu, ghala la rangi liwe na daftari la kutia sahihi, mchana na usiku.

Uchaguzi hurudi kila mwaka wa tano, Jumanne ya pili ya Agosti, kama gari la moshi lisilokosa saa yake. Sisi watu wa reli twajua kwamba njia haikaguliwi gari likiwa limekwisha kupiga honi. Hukaguliwa mapema, misumari ikakazwa mmoja mmoja, na fundi atembee kwa miguu yake.



(Mkutano uliyakubali mashauri yote matatu. Majina ya wajumbe wanne yamebandikwa katika ubao wa Chama, karibu na lango la karakana.)